Laana ya Béla Guttmann ni kichaka tu, Benfica walishindwa kulipa bonasi

Benfica ya Ureno wakisogea tu kwenye hatua za mwisho za mashindano ya Ulaya utaona watu wanaanza, "hawabebi hao, kuna mzee aliwalaani." Na stori yenyewe ni tamu kuisimulia: kocha wao Béla Guttmann kachukua Kombe la Mabingwa Ulaya mara mbili mfululizo, 1961 na 1962, kaenda kwa mabosi kuomba aongezewe hela, kanyimwa, basi akasema Benfica hawatabeba tena kombe la Ulaya kwa miaka 100, akaondoka zake. Tangu hapo wamecheza fainali nane za Ulaya na zote wamepigwa. Sasa sisi huku, ambako klabu inalimwa faini kwa kupita mlango usio rasmi na kila shabiki anajua "kamati ya ufundi" ya timu yake inakesha wapi usiku wa kuamkia dabi, stori kama hiyo nani wa kuibishia? Tunaimeza nzima nzima.

Mimi inanikaba. Kwanza hayo maneno ya miaka 100 hayana ushahidi wa maana wa wakati ule, yalikuja kuvuma miaka mingi baadaye fainali zikiwa zishapotea kadhaa, na ukishakuwa na fainali kadhaa zilizopotea kutafuta mchawi ni kazi ndogo. Pili ziangalie hizo fainali zenyewe. 1963 pale Wembley na Milan, Eusébio wa Benfica alitangulia kufunga, kisha mwenzake Coluna akapigwa kiatu na Pivatelli wa Milan akawa anachechemea, na enzi hizo hakuna sub, ukiumia unabaki kuchechemea hivyo hivyo au unatoka timu inabaki kumi, Altafini akaweka mbili mchezo ukaisha. 1965 wakapelekwa kucheza na Inter kwenye uwanja wa Inter wenyewe, San Siro, mvua imejaza maji uwanjani, shuti la Jair likamponyoka kipa Costa Pereira, baadaye kipa mwenyewe akaumia akatoka na beki Germano ndiye akaenda kukaa golini. 1968 ilikuwa Manchester United, Wembley tena, sare 1-1 dakika zinaelekea kuisha Eusébio akabaki yeye na kipa Stepney, akapiga, Stepney akaudaka, dakika za nyongeza wakala tatu. 1988 PSV kwa penalti. 1990 Milan ya kocha Sacchi, ile yenye Rijkaard, Gullit na Van Basten, goli moja la Rijkaard. Weka Anderlecht ya 1983 kwenye Kombe la UEFA, Chelsea ya 2013 na goli la Ivanović dakika za majeruhi, Sevilla ya 2014 kwa penalti. Mchawi yuko wapi hapo? Timu mbovu haifiki fainali nane, na wengi kati ya waliowafunga walikuwa wazuri kweli kweli.

Ila kinachoniudhi zaidi ni kwamba hiyo laana imemla mtu mwenyewe. Ukimtaja Guttmann leo watu wanakumbuka mganga, hawakumbuki mpira. Wakati kwa maoni yangu huyu ndiye kocha wa kwanza mkubwa aliyeelewa kwamba kazi ya ukocha ina bei, na bei inaandikwa kwenye karatasi kabla ya mechi ya kwanza, na siku karatasi ikikiukwa unabeba begi lako unaenda. Mourinho na wenzake wote hawa wanaozunguka na mawakala na vipengele vya mikataba wanatembea njia aliyoilima huyu mzee. Na ukitaka kujua kwa nini alikuwa hivyo inabidi uanzie alipokuwa mchezaji, maana huko ndiko alikofundishwa kutokuamini mtu.

Alizaliwa Budapest, Hungary, 1899, familia ya Kiyahudi, wazazi walikuwa walimu wa dansi na yeye mwenyewe kijana kabisa akapata cheti cha kufundisha dansi. Akawa senta hafu, na senta hafu wa zamani sio beki wa kati wa sasa, huyo ndiye aliyekuwa anauendesha mpira wote katikati. Akachukua ubingwa wa Hungary na MTK mara mbili, 1920 na 1921. Lakini baada ya Vita ya Kwanza hali ya Wayahudi Hungary ikawa mbaya, chuki mtaani na serikalini, akahamia Vienna kuichezea Hakoah, klabu ya Wayahudi, iliyobeba ubingwa wa Austria 1925. Hiyo Hakoah ilikuwa timu ya ajabu, kwenye mechi iliyowapa ubingwa kipa wao Fabian alivunjika mkono, wakamfunga kitambaa wakampeleka mbele acheze hivyo hivyo, na ndiye akafunga goli la ushindi. Hii nimeiweka kwa sababu tu siwezi kuiacha.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye Olimpiki ya Paris 1924, alikuwemo kwenye timu ya Hungary iliyopigwa 3-0 na Misri. Ndio, Misri, timu ya Afrika, mwaka 1924. Ile Hungary ilikuwa na vipaji vya kutosha ila msafara ulijaa viongozi kuliko wachezaji, hoteli iliyochaguliwa ilikuwa ya starehe, makelele mpaka asubuhi, viongozi wanakula bata wachezaji hawalali. Nani asiyeijua hiyo safari? Inasimuliwa kwamba Guttmann kwa hasira aliokota panya waliokufa akawaning'iniza kwenye milango ya vyumba vya viongozi. Timu ya taifa hakuitwa tena. Hapo unamwona kocha wa baadaye kashajitokeza, mchezaji wa miaka 25 ambaye tatizo lake halikuwa wapinzani, tatizo lake ni mabosi.

1926 Hakoah wakaenda ziara Marekani, watu 46,000 wakajaa Polo Grounds pale New York kuwaangalia, rekodi ya mpira wa miguu nchini humo kwa wakati ule. Wachezaji kadhaa wakaona hela wakabaki na yeye akiwemo. Akapiga pesa sana, mshahara wa mpira, ubia kwenye baa ya kificho maana pombe ilikuwa imepigwa marufuku, na chenji akaiweka kwenye hisa. Oktoba 1929 soko la hisa likaporomoka, hela ikayeyuka. Kwa hiyo hesabu mpaka hapo: nchi yake imemfukuza kwa dini yake, na nchi ya pesa imemrudisha sifuri kwa siku chache. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "tutakuangalia mwisho wa msimu mzee, usijali" atakuelewa kweli?

Ukocha akauanzia Hakoah ile ile 1933, kisha Uholanzi kwenye timu ya Enschede, na huko ndiko kuna kile kisa cha bonasi ninachokipenda. Timu ilikuwa inapigania isishuke, yeye kwenye mkataba akaomba bonasi kubwa sana endapo watakuwa mabingwa wa nchi, mwenyekiti akacheka akasaini, maana ubingwa atautoa wapi. Timu ikaanza kushinda, ikashinda, ikaongoza kanda yao ikaingia kwenye mchujo wa ubingwa wa taifa, na Guttmann mwenyewe baadaye alikuwa anasimulia kwamba mwenyekiti alifika mahali akawa anaomba Mungu timu yake ifungwe, kwa sababu hela ya kulipa hakuna. Hata kama kaongeza chumvi (na alikuwa anapenda chumvi huyu mzee), ndani yake kuna akili ya kibiashara ambayo makocha wengi hata leo hawana, wanasaini chochote wanachopewa halafu wanakuja kulia kwenye vyombo vya habari.

1939 na Újpest akachukua ubingwa wa Hungary na Kombe la Mitropa, ambalo ndilo lilikuwa kombe kubwa la klabu za Ulaya ya kati. Alikuwa juu kabisa. Halafu giza likaingia.

Kwa miaka mingi watu walidhani wakati wa vita alikuwa kajificha Uswisi, na mwenyewe alikuwa hapendi kuulizwa. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha ukweli mwingine: alifichwa darini, juu ya saluni ya shemeji yake huko Újpest, kisha akaangukia kwenye kambi ya Wayahudi waliokuwa wanatumikishwa kazi za nguvu, akapigwa na kunyanyaswa, na mwishoni mwa 1944 akatoroka kwa kuruka dirishani pamoja na Ernő Erbstein. Huyo Erbstein ndiye kocha aliyekuja kuijenga ile Torino kubwa ya Italia na akafa nayo kwenye ajali ya ndege ya Superga 1949. Hebu fikiria, dirisha moja limepitisha makocha wawili wa kiwango hicho. Baba yake Guttmann na dada yake waliuawa Auschwitz.

Baada ya hapo kila kitu anachofanya mimi nakisoma tofauti. Watu wanamwita mkorofi, mpenda hela, mtu asiyetulia. Vita imeisha akaenda Romania kuifundisha Ciocanul ya Bucharest na akadai alipwe kwa chakula badala ya hela, kwa sababu hela haikuwa na thamani na mboga ilikuwa nayo. Kiongozi mmoja alipoanza kumpangia kikosi akamwachia timu. Huo mimi siuiti ukorofi. Huyu ni mtu aliyeshajua kwamba kesho anaweza akaamka hana kitu, kwa hiyo anataka chake leo, mkononi.

Sasa njoo kwenye kisa cha Puskás, maana hiki kinamaliza kila kitu. 1948 Guttmann anaifundisha Kispest, timu ya Ferenc Puskás, kijana wa miaka 21 ambaye tayari mji mzima unamwabudu, na kocha aliyetangulia kabla yake alikuwa baba mzazi wa huyo Puskás. Mechi na Győr, beki mmoja anaitwa Patyi anacheza rafu za hovyo, wakati wa mapumziko Guttmann akamwambia usirudi uwanjani, tutacheza kumi. Puskás akamwambia Patyi wewe rudi ucheze. Patyi akarudi. Guttmann hakupiga kelele, akapanda jukwaani, akafungua gazeti la mbio za farasi akasoma mpaka mechi inaisha, akapanda tramu akaenda nyumbani na hakurudi tena. Yeye alikuwa na fikra kwamba kocha ni kama mfuga simba, siku macho yake yakionyesha woga tu basi kaliwa. Nadhani siku ile alihesabu akaona pale simba ni Puskás na mabosi wote wako upande wa simba, kwa hiyo akatoka bandani akiwa mzima. Uamuzi mzuri sana ule, ingawa wengi wanausimulia kama kichekesho.

Italia napita haraka, Padova, Triestina, halafu AC Milan. Msimu wa 1954-55 Milan wanaongoza ligi, wakamtimua. Wanaongoza! Na ubingwa msimu huo wakaubeba bila yeye. Kuanzia hapo inasemekana mikataba yake yote ikawa na kipengele kimoja kipya: timu ikiwa kileleni kocha hafukuzwi. Mnaofuatilia ligi zetu mnajua kipengele hicho kingeokoa makocha wangapi.

1957 akaibukia Brazil, aliingia na msafara wa Honvéd, klabu ya Hungary, waliokuwa wanazurura baada ya mapinduzi ya Hungary kuzimwa, na humo kulikuwemo Puskás yule yule, wakapatana. Akabaki kuifundisha São Paulo akachukua ubingwa wa jimbo. Kuna watu wanasema yeye ndiye aliyewafundisha Wabrazil mfumo wa 4-2-4 (mabeki wanne, viungo wawili, washambuliaji wanne) waliobebea Kombe la Dunia 1958 chini ya Feola, mtu wa hapo hapo São Paulo. Hapa nabisha kidogo. Wabrazil wenyewe walishaanza kuelekea huko kabla yake, na Hungary mfumo ulikuwa kazi ya vichwa vingi, makocha Bukovi, Sebes na wengine. Alichokileta yeye naamini ni haraka, kupasia mbele bila kuremba, mpira ufike golini kabla watu hawajakaa sawa. Kumpa sifa zote ni kuwaonea wengine.

Kisha Ureno, na hapa ndipo pa kukaa. Akaanza na Porto msimu wa 1958-59, Benfica walikuwa wametangulia kwa pointi tano, akawafikia mpaka siku ya mwisho wakawa sawa kwa pointi, inaamuliwa na magoli. Porto wakashinda 3-0 ugenini kwa Torreense. Lisbon Benfica wanawachapa timu inayoitwa CUF 7-1, refa Calabote katoa penalti tatu kwa Benfica na mechi yake ikaendelea baada ya ile ya Porto kuisha, wachezaji wa Porto wamesimama uwanjani kule kule kwa Torreense wanasikiliza redio. Ikaisha. Porto mabingwa kwa tofauti ya goli moja. Unadhani alibaki Porto kusherehekea? Akahamia Benfica, kwa wale wale aliotoka kuwanyang'anya.

Pale akawapunguza wakongwe, akapandisha vijana, akachukua ligi ya 1960 na ya 1961. Mei 31, 1961 mjini Bern akawafunga Barcelona 3-2, Barcelona yenye Kubala, Kocsis na Czibor, Wahungary wenzake, na mpira uligonga milingoti mpaka ukachoka. Hapo ndipo kuna kitu huwa kinarukwa na mimi sitaki kukiruka: kikosi cha siku ile kilikuwa na Afrika kubwa ndani yake. Kipa Costa Pereira kazaliwa Msumbiji. Mário Coluna, ubongo wa timu na mfungaji wa goli la tatu, Msumbiji. Nahodha José Águas, Angola. Santana, Angola. Ureno ya dikteta Salazar ilikuwa inawaita Wareno wa ng'ambo, maana yake ikawatawala na ikachezea vipaji vyao, na Guttmann hakuwa na shida kutumia mlango huo uliokuwa wazi. Tusimfanye mtakatifu.

Eusébio alimpata kwa kinyozi. Kweli kabisa, alikuwa saluni Lisbon akakutana na Bauer, Mbrazil aliyewahi kuichezea São Paulo, aliyekuwa katoka ziara na timu yake Afrika, akamwambia kule Lourenço Marques, Maputo ya sasa, kuna dogo hatari. Dogo alikuwa anachezea Sporting ya huko, tawi la Sporting Lisbon, mahasimu wenyewe! Benfica wakawahi, wakazungumza na mama yake, hela ikatoka, kijana akapandishwa ndege Desemba 1960 akafichwa kusini mwa nchi wakati Sporting wanalalamika. Vinyozi na huyu mzee bwana, mmoja alimwokoa roho na mwingine akampa mchezaji bora wa karne ya Benfica.

Amsterdam, Mei 2, 1962, fainali na Real Madrid. Puskás, ndio yule yule, kapiga magoli matatu kipindi cha kwanza, Benfica wako nyuma 3-2. Mapumziko Guttmann akafanya kitu kimoja, akampa Cavém kazi ya kumkaba Di Stéfano. Hakumwekea mtu Puskás, akakata bomba linalompelekea maji. Kipindi cha pili Puskás akawa mtazamaji, Coluna akasawazisha, Eusébio akaweka mbili, 5-3. Miaka 14 baada ya lile gazeti la farasi.

Sasa bonasi. Kombe la Ulaya lilikuwa kitu kipya, mkataba ulikuwa unamlipa vizuri zaidi kwa kuchukua ligi ya Ureno kuliko kwa kuwa bingwa wa bara zima, akawaambia mabosi rekebisheni, wakajibu mkataba hausemi hivyo. Kisheria walikuwa sahihi. Kwa akili ya mpira walikuwa wajinga, na ujinga huo ndio umefunikwa na laana kwa miaka yote hii, kwa sababu kwa kiongozi wa klabu ni rahisi mno kusema "tulilaaniwa" kuliko kusema "tulimwachia kocha bora duniani kwa ubahili."

Ingawa na mimi nina shaka yangu. Guttmann mwenyewe alikuwa anasema msimu wa tatu unaua, wachezaji wameshakuzoea na wapinzani wameshakusoma. Na 1961-62 ulikuwa wa tatu wake Benfica, na ukiangalia ligi ya mwaka huo Sporting ndio waliobeba. Tamaa ya Ulaya iliwabeba Amsterdam ila nyumbani timu ilishaanza kupwaya. Wangemlipa angekaa mwaka mmoja zaidi, sioni zaidi ya hapo. Akaenda zake Uruguay kuifundisha Peñarol.

Na kuna ukweli mmoja ambao wapenda laana hawautaji kabisa: 1965 alirudi. Benfica hao hao wakamwita na yeye hao hao akawafundisha, sasa mtu kailaani nyumba kwa miaka 100 halafu baada ya mitatu anarudi humo kutafuta ubingwa wa Ulaya? Robo fainali wakapangwa na Manchester United. Machi 9, 1966, uwanja wa nyumbani, kabla ya mechi Eusébio kakabidhiwa tuzo yake ya mchezaji bora wa Ulaya, na dakika kumi na kitu za mwanzo George Best wa United, ana umri wa miaka 19, kashafunga mbili. Benfica wakapigwa 5-1. Ligi wakachukua Sporting. Guttmann akaondoka tena, safari hii msimu wa pili wala haukufika.